Wimbi Vunjifu au Wimbi Linalovunjika? Maoni Juu ya Rasimu ya Istilahi za Mawimbi ya Ufukweni

Rasimu ya kijitabu kuhusu fukwe za bahari na usalama wa waogaji iliwasili mezani petu miezi michache iliyopita. Ilikuwa imetafsiriwa kutoka Kiingereza katika idara moja ambayo hapana haja ya kuitaja, nasi tuliombwa jambo lililoonekana dogo: kuzipitia istilahi zilizoorodheshwa mwishoni mwa kijitabu na kuzitilia sahihi. Hatukutia sahihi. Madhali wapo wafasiri na walimu wengi ambao watakutana na maneno hayo hayo katika kazi zao, tumeona heri tuzieleze sababu zetu hadharani kuliko kuziacha zilale katika jalada.

Yafaa tuseme kwanza kwamba mfasiri hakuwa mvivu. Sarufi yake ni safi, hesabu zake tumezikagua tukaziona sahihi, na mahali pengi amechagua neno lililo bora kuliko lile ambalo sisi wenyewe tungelitoa kwa haraka. Kosa lake ni la namna nyingine, na ndilo linalotufanya tuandike: alilitafsiri neno la Kiingereza kabla hajalitazama wimbi.

Basi na tulitazame. Upepo uvumao juu ya bahari kuu huzaa mawimbi, nayo husafiri mbali sana na mahali yalipozaliwa. Kinachosafiri si maji bali ni nguvu. Maji yenyewe huzunguka mahali pake, yakipanda na kushuka, kwenda mbele kidogo na kurudi. Mzunguko huo hupungua kadiri mtu ashukavyo chini, hata kufikia kina kilicho sawa na nusu ya urefu wa wimbi hapana tena mtikisiko wa kutajika. Ndiyo sababu wimbi lililo kilindini halina habari na sakafu ya bahari. Tuchukue wimbi lenye kipindi cha sekunde 10, yaani ambalo vilele vyake hupita mahali pamoja kila baada ya sekunde 10. Likiwa katika kilindi, wimbi hilo lina urefu wa mita 156 hivi kutoka kilele hadi kilele; huanza kuihisi sakafu lifikapo penye kina cha mita 78, na tangu hapo mwendo wake huanza kupungua. Katika maji ya kina kifupi mwendo hufuata kina peke yake: penye mita 4 ni kama mita 6 kwa sekunde, penye mita 1 ni kama mita 3 tu.

Wimbi la mbele likipunguza mwendo, la nyuma huja bado na kasi yake. Vilele vinasongamana, kimo kinaongezeka, na uso wa mbele wa wimbi unazidi kusimama. Mwishowe maji ya kileleni huenda mbio kuliko wimbi lenyewe, na kilele hakina tena pa kukaa ila kuanguka mbele. Mtaalamu Stokes alionyesha mwaka 1880 kwamba kilele cha wimbi linalosafiri bila kubadilika sura hakiwezi kuwa na pembe kali kuliko nyuzi 120. Naye McCowan alikokotoa mwaka 1894 kwamba wimbi la pekee juu ya sakafu tambarare hufikia kikomo chake kimo kinapokuwa kama 0.78 ya kina cha maji. Kwa kipimo cha mwogaji, wimbi la mita 1 huanguka mahali ambapo maji yanamfika kifuani.

Tendo hilo la mwisho Waingereza hulitaja kwa kitenzi kilekile wanachokitumia kwa kikombe kilichoanguka sakafuni. Nasi pia twasema kwamba wimbi limevunjika, na waandishi wetu wamesema hivyo kwa muda mrefu. Hatuna ugomvi na kitenzi hicho. Ugomvi wetu ni juu ya vazi kilichovishwa. Katika orodha tuliyoletewa, wimbi linalovunjika limeitwa “wimbi vunjifu”, na katika sura nzima ya tatu ya kijitabu “mawimbi vunjifu” yametapakaa kila ukurasa.

Sifa zinazoundwa kwa kiishio cha namna hii hufuata maana ya kitenzi kilichozizaa. Mtu anayetulia ni mtulivu, anayenyamaza ni mnyamavu. Tendo haliendi kwa mwingine. Lakini kinachoharibu ni haribifu, na anayedanganya ni mdanganyifu: hapo lazima awepo wa kuharibiwa na wa kudanganywa. “Vunjifu” imetoka katika kuvunja, haikutoka katika kuvunjika. Sote twajua maana ya uvunjifu wa amani. Hakuna anayedhani kwamba katika maneno hayo amani ndiyo iliyomvunja mtu. Kwa hiyo wimbi vunjifu, kwa sikio la Mswahili yeyote, ni wimbi lenye tabia ya kuvunja vitu: nyumba, gati, ngalawa. Na kama mfasiri angetaka kuunda sifa kutoka katika kitenzi kilicho sahihi, angelazimika kubuni kitu kama “vunjikivu”, neno ambalo halijapata kusikika kinywani mwa mtu.

Huenda msomaji akaona kwamba tunahangaika na herufi moja au mbili. La hasha. Walimu wa jiografia hufundisha kwamba yako mawimbi yanayojenga ufukwe na yako yanayoubomoa. Katika haya ya pili maji yanayorudi baharini huwa na nguvu kuliko yaliyopanda, hivyo huondoka na mchanga. Hili si jambo la vitabuni tu. Wakazi wa Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, wameshuhudia kwa miongo mingi bahari ikiila ardhi yao, hata zikajengwa kuta za mawe kuingia baharini ili kuuzuia mchanga usichukuliwe. Mwanafunzi aliyefundishwa habari hizo akikuta katika kijitabu hiki “mawimbi vunjifu” atadhani ndiyo yale ya kubomoa. Atakuwa amekosea kabisa, maana kila wimbi linalofika ufukweni huvunjika kwa namna yake, na wimbi laweza kuvunjika na bado likaleta mchanga badala ya kuuchukua. Istilahi moja imemfunga asiweze kuelewa somo zima. Zaidi ya hayo, katika ukurasa huohuo ukuta unaojengwa kuikinga bandari umeitwa “kivunja-mawimbi”, ambalo ni neno zuri kwa nafsi yake. Lakini sasa tunasoma kwamba mawimbi vunjifu huvunjwa na kivunja-mawimbi, na mtu hajui tena nani amvunja nani.

Pendekezo letu ni kwamba wimbi lisipewe sifa hapo, lipewe tendo: wimbi linalovunjika, mawimbi yakivunjika, mahali wimbi livunjikapo. Panapohitajika jina, “mvunjiko wa wimbi” latosha, ingawa twajua kwamba waganga wa mifupa wamekwisha kulizoea neno hilo kwa kazi yao. Neno laweza kukaa katika nyumba mbili bila kugombana.

Sasa tuje kwenye jambo lililotupa furaha katika kazi hii. Ile hatua ambapo wimbi linaingia katika maji ya kina kifupi na kuongezeka kimo kabla ya kuvunjika, mfasiri ameiita “uingiaji-kina-kifupi”. Tulipolisoma neno hilo kwa sauti katika kikao chetu palitokea kicheko. Mjumbe mmoja mwenye asili ya visiwani akasema kwamba kwao bahari huumuka. Alikuwa akilitoa neno hilo ili lichukue mahali pa kuvunjika, na kwa hilo hatukumwafiki. Lakini tulipolitia katika mizani tuliona kwamba limekuja kuziba pengo jingine ambalo hakuna aliyekuwa na dawa yake. Unga wa maandazi huumuka: unapanda, unavimba, wala hakuna kilichoongezwa ndani yake tangu ulipokandwa. Wimbi nalo linapofika maji ya kina kifupi hupanda bila kuongezewa nguvu na upepo. Nguvu ileile imebanwa katika nafasi ndogo. Mwalimu akisema “wimbi huumuka, kisha huvunjika”, amekwisha kufundisha nusu ya somo kwa maneno manne, na mtoto aliyewahi kukaa karibu na beseni la unga ameelewa.

Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa ile ya aina za mvunjiko. Mwaka 1968 mtaalamu wa Kimarekani Galvin alichapisha uchunguzi wa mawimbi aliyoyazalisha maabarani na kuyapiga picha za sinema, akayagawa katika aina nne, tatu kati yake zikiwa zimekwisha kutambuliwa kabla yake. Katika aina ya kwanza povu hutokea kileleni na kuteremka taratibu juu ya uso wa mbele, huku wimbi likizidi kwenda na kupungua kidogo kidogo. Katika ya pili kilele kizima hujikunja mbele, kikatengeneza kama pango la hewa, kisha kikaanguka kwa kishindo juu ya maji yaliyo mbele yake. Katika ya tatu kilele hakiwahi kujikunja. Sehemu ya chini ya uso wa mbele ndiyo inayosimama wima na kubomoka. Katika ya nne wimbi karibu halivunjiki kabisa: maji yanapanda ufukweni kama yalivyo, yakiwa na povu kidogo au bila povu, kisha yanateremka.

Mfasiri ameziita aina hizo, kwa mfuatano huo, “wimbi mwagiko”, “wimbi mbizi”, “wimbi poromoko” na “wimbi msukumo”. Msomaji anayejua Kiingereza atatambua mara moja kwamba kila neno limetolewa katika kamusi pasipo kutazama picha iliyo kando yake. Kitu kilichomwagika kimeacha chombo na kupotea. Wimbi la aina ya kwanza halipotei mara moja, bali hupungua kidogo kidogo mpaka lifike mwisho wa safari yake. Na mbizi! Anayepiga mbizi huingia majini kwa hiari na kutoka salama. Wimbi la aina ya pili ndilo linalomwinua mwogaji, likampigiza kichwa mchangani penye maji ya magoti na kumvunja shingo. Nasi tumelipa jina la mchezo wa watoto. Tena, maneno haya yamekufa tangu kuzaliwa, kwa sababu hayanyambuliki. Mwalimu akiulizwa “wimbi mwagiko hufanya nini?” ajibu nini? Na wingi wake ni upi, mawimbi mwagiko au mawimbi mimwagiko? Wafasiri wengi wanapenda sana kuunganisha majina mawili namna hii kwa kuwa huonekana ya kitaalamu na hushika nafasi ndogo katika jedwali. Sisi twapenda zaidi jina ambalo ndani yake mna kitenzi kilicho hai.

Kwa aina ya kwanza tumechagua “wimbi la kufoka”. Maziwa yakiachwa motoni hufoka: povu linapanda hadi ukingoni mwa sufuria na kuteremka ubavuni, na hivyo ndivyo linavyofanya wimbi hili. Palitokea swali kama neno halitaleta fikra ya hasira, kwa vile mtu mkali naye hufoka. Tulijibu kwamba twaamini hasira ndiyo iliyoazima neno kwenye chungu, chungu hakikuliazima kwenye hasira. Naye aliyeuliza akaridhika, au angalau akanyamaza.

Kwa aina ya pili twapendekeza “wimbi la kujibwaga”. Tulijaribu kwanza “kupinduka”, tukaliacha, maana lingeturudisha katika shimo lilelile la vunjifu: wimbi la kupinduka laweza kueleweka kuwa ni la kupindua vyombo. Kile kiambishi cha kujirejea katika kujibwaga ndicho kinachoondoa shaka. Mtu aliyechoka hujibwaga kitandani na uzito wake wote, bila kujipunguza. Wimbi hili hufanya vivyo hivyo, na ole wake aliyetangulia kulala hapo.

Aina ya tatu hatukuigusa sana. Ukuta wa udongo ukilainika msingi huporomoka kuanzia chini, na mfasiri ameliona hilo barabara. Tumebadilisha tu “wimbi poromoko” liwe “wimbi la kuporomoka” ili lifanane na ndugu zake. Aina ya nne ndiyo iliyotuchukua alasiri nzima. “Msukumo” ni neno la jumla mno, kwani hakuna wimbi lisilosukuma. Hatimaye tukakubaliana juu ya “wimbi la kukwea”. Mkwezi hukwea mnazi kwa nguvu zake mwenyewe na hateremki ila kwa njia ileile aliyopandia. Katika jedwali la rasimu wimbi hili limeitwa mahali pamoja “mvunjiko msukumo”, na hilo lazima lifutwe: huwezi kuuita mvunjiko wimbi ambalo sifa yake kubwa ni kutovunjika. Wala asifikiri mtu kwamba kwa sababu halina kishindo ni la salama. Asimamaye kwenye mwamba mkali akavua samaki kwa mshipi haoni povu wala hasikii mngurumo wa kumwonya. Maji yanapanda kimya hadi kiunoni, na yanaporudi ndipo yanapomng’oa.

Ni nini kinachoamua wimbi lishike njia ipi kati ya hizi nne? Hapa rasimu ina ukurasa mzuri sana, nasi tunausifu. Wahandisi wa Kihispania Iribarren na Nogales walitoa mwaka 1949 kipimo ambacho Battjes wa Uholanzi alikipanulia matumizi mwaka 1974. Chukua mteremko wa ufukwe, uugawanye kwa kipeuo cha pili cha uwiano wa kimo cha wimbi na urefu wake wa kilindini. Jibu likiwa chini ya 0.5, wimbi hufoka. Kati ya 0.5 na 3.3, hujibwaga, likipita hapo, hukwea, na kuporomoka huonekana karibu na mpaka huo. Turudi kwenye wimbi letu la sekunde 10, tulipe kimo cha mita 1. Katika ufukwe unaoteremka mita 1 kwa kila mita 50, jibu ni 0.25: litafoka. Penye mita 1 kwa 10, jibu ni 1.25: litajibwaga. Penye mita 1 kwa 3 jibu linapita 4, nalo litakwea. Wimbi ni lilelile moja. Ardhi ndiyo iliyobadilika. Mipaka yenyewe si kuta za mawe, na bahari ya kweli, ambayo mawimbi yake hayalingani, yaweza kuonyesha aina mbili ndani ya dakika moja.

Kwa bahati mbaya ukurasa huo mzuri umeharibiwa na neno moja la kila siku. Rasimu inasema “urefu” kwa kipimo cha kutoka kilele hadi kilele, na inasema “urefu” tena kwa kipimo cha kutoka bondeni hadi kileleni. Katika Kiswahili mnara ni mrefu na njia ni ndefu. Lugha haikuona haja ya kuvitenganisha, nasi hatuilaumu. Lakini katika jedwali lenye safu mbili zenye jina moja, mtumishi wa wilaya atakayesoma kwamba wimbi lina urefu wa mita 156 atawahamisha watu. Iwe hivi: kimo ni cha kwenda juu, urefu ni wa kwenda mbele, kina ni cha maji, na kipindi ni cha muda. Mfasiri mwenyewe ametumia “kimo” mara mbili katika utangulizi, kisha akaliacha njiani. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania katika tahadhari zake huandika habari za mawimbi makubwa “yanayofikia mita 2”, na hivyo hukiepa kitendawili hiki kwa ufundi. Walakini kitabu cha mafunzo hakiwezi kukiepa siku zote.

Neno “pwani” nalo limetumika ovyo kidogo. Asili yake ni kupwa: ni pale maji yanapopwa. Wahenga walioliunda walikuwa wakitazama kipande cha ardhi ambacho asubuhi ni bahari na mchana ni njia ya waendao kuokota kombe. Siku hizi pwani imepanuka hata ikawa jina la mkoa mzima, na hatuwezi kuirudisha nyuma. Ila katika kijitabu hiki, kinachozungumzia mteremko ambao maji hupanda na kushuka juu yake, tungependa “ufukwe” litumike kwa mchanga wenyewe, na “pwani” liachiwe maana pana. Sababu yetu si ya kupenda mambo ya kale. Katika sehemu kubwa ya mwambao wa Kenya na Tanzania, miamba ya matumbawe imejipanga mbele ya nchi kavu. Maji yakipwa, mawimbi huvunjika kule mbali kwenye ukingo wa mwamba, na maji ya ndani yametulia kama ya kwenye sinia. Maji yakijaa, na wakati wa bamvua tofauti yaweza kupita mita 3, mawimbi hupita juu ya mwamba na kuja kuvunjika mguuni pa mtu. Kijitabu cha asili kiliandikwa kwa ajili ya fukwe za namna nyingine na hakisemi neno juu ya jambo hili. Mfasiri alikuwa na haki ya kulitia, tena alikuwa na wajibu. Kutafsiri maelezo ya usalama kwa uaminifu kwa yule aliyeyaandika, huku ukimwacha anayeyasoma bila ulinzi, ni uaminifu uliokosa mahali.

Maneno mawili zaidi, kwa ufupi. Mkondo mwembamba wa maji yanayorudi baharini kwa kasi katikati ya mawimbi umeitwa “mkondo pasuaji”, kwa kufuata Kiingereza kinachoutaja kwa neno la kurarua. Kwa Mswahili upasuaji ni wa hospitali. Mkondo huu haupasui, unachukua. “Mkondo wa kurudi” unatosha na kila mtu ataulewa. Na tsunami imeitwa “wimbi la kujaa”, kosa ambalo Kiingereza chenyewe kiliwahi kulifanya kabla ya kujisahihisha. Tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi yaliyotokana na tetemeko la chini ya bahari karibu na Sumatra yalivuka Bahari ya Hindi na kuua watu hata Somalia, Kenya na Tanzania. Kujaa na kupwa hakukuwa na mkono katika jambo hilo. Neno tsunami limekwisha kuingia vinywani mwa watu tangu siku ile, liachwe. Twaongeza tu kwamba, kwa kuwa urefu wake ni mkubwa mno, karibu kila ufukwe kwake ni kama mteremko mkali, hivyo aghalabu hukwea kuliko kujibwaga. Mchoraji aliyelichora katika jalada la rasimu likiwa limejikunja kama mkia wa nge aombwe kuchora upya.

Mwishoni mwa rasimu pana kielelezo cha tangazo la kubandikwa ufukweni. Humo imeandikwa kwamba eneo hilo lina mawimbi vunjifu ya aina ya mbizi pamoja na mikondo pasuaji, na kwamba waogaji wanashauriwa kuchukua hadhari stahiki. Tulimfikiria mwanafunzi aliyekuja kutoka Tabora au Kigoma kwa ziara ya shule, anayeijua maji ya ziwa lakini hajapata kuiona bahari, amesimama mbele ya ubao huo akiwa tayari amevua viatu. Tulimpelekea mfasiri maneno haya:

“HADHARI. Ufukwe huu una mteremko mkali. Mawimbi hujibwaga karibu na nchi kavu, penye maji ya magoti. Usipige mbizi. Usiyape mawimbi mgongo. Mkondo wa kurudi ukikuchukua, usishindane nao: ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke ndani yake, kisha rudi nchi kavu.”

Ametujibu kwa barua ya adabu kwamba anakubali yote, isipokuwa neno la kwanza, ambalo litamshinda mtoto wa darasa la tatu. Tumekubaliana liwe HATARI.